Warusi 66, Waukraine 69, na bado wanauana

Barazani siku hizi kuna namba inazunguka, na kwenye magrupu ya WhatsApp ndo usiseme. Gallup, wale Wamarekani wa kura za maoni, waliwauliza watu wa Ukraine mwezi wa Julai 2025, asilimia 69 wakasema vita vimalizwe kwa mazungumzo haraka iwezekanavyo, 24 tu ndo wanaotaka kupigana mpaka ushindi. Basi watu wanaifowadi hiyo asubuhi na jioni, "mnaona sasa, raia wenyewe wameshachoka, anong'ang'ania ni Zelensky na wazungu wenziwe". Mwezi uliofuata Levada ya Moscow, nao wa kura za maoni, wakawauliza Warusi, nao 66 wakasema yaanze mazungumzo, 27 wakasema vita viendelee. Hii ya pili haifowadiwi sana, sijui kwa nini.

Hebu zieke pamoja. Huku 69, kule 66. Nchi mbili zinauana toka Februari 2022 na theluthi mbili ya watu wa kila upande wanataka kitu kimoja, tena wameulizwa karibu wakati mmoja. Sasa yakhe, kama wote wanataka kukaa, mbona hawakai? Jibu rahisi ni kuwa wakubwa ndo wanaozuia, na kwa Urusi pengine lina ukweli wake, lakini kwa upande wa Ukraine mie naona tunaisoma ile 69 sivo kabisa.

Kwanza niwape haki yao wanaosema wakae tu yaishe, manake si wajinga. Vita hivi vimekula watu. Mediazona, mtandao wa habari wa Kirusi, pamoja na BBC wamehesabu wanajeshi wa Urusi waliokufa jina kwa jina, kwenye matangazo ya vifo na makaburini, wamepita laki moja, na hao ni wale tu majina yao yaloonekana. Ukraine nao Aprili 2024 wameshusha umri wa kuitwa jeshini kutoka 27 hadi 25 kwa kukosa watu, na video za wanaume wanavutwa kutiwa kwenye basi dogo kila mtu kashaziona. Hata sisi huku mbali tumelipa. Mwaka 2022 unga wa ngano ulivopanda, boflo likawa jepesi mkononi na bei iko pale pale au imezidi, mafuta ya gari ndo hayo, na vita vilipoanza tu mamia ya watalii wa Ukraine walikwama hapa hapa Unguja, hawana ndege ya kurudia wala nyumba ya uhakika ya kurudi. Mwisho wa mwaka ule akafa kijana wa Kitanzania aliyekuwa mfungwa Urusi, Wagner, jeshi la kukodi la Urusi, wakamtoa jela kumpeleka mstari wa mbele. Kwa hiyo mtu akisema "sie yatuhusu nini, wakae yaishe", anaongea na tumbo lake na msiba wake, huwezi kumlaumu.

Na wapo wanaoegemea Urusi kwa sababu nyengine. Iraq 2003 nani walioivamia? Gaza nani anapeleka silaha? Majumba ya Michenzani tulijengewa na Wajerumani Mashariki, kambi ile ile ya Warusi, na wazee waliokwenda kusoma kule bado wanazo hadithi za baridi na za ukarimu. Umoja wa Mataifa ulipopiga kura Machi 2022, nchi 141 zikaulaani uvamizi, Tanzania ikawa kwenye zile 35 za kutoegemea upande. Yote hayo nayaelewa na Gaza inaniuma kama inavokuuma wewe. Ila hasira yako kwa Marekani haimgeuzi alovamiwa akawa yeye ndo mvamizi. Ukilaani kuvamia, laani kote.

Uvamizi wenyewe ulivokwenda tunajua. Kyiv iliwashinda Warusi ndani ya wiki tano, Septemba wakakimbia Kharkiv, Novemba wakatoka mji wa Kherson wiki sita tu baada ya Putin kusaini kuwa mkoa ule ni Urusi moja kwa moja. Toka hapo ni kusogea kijiji kwa kijiji, wameshika kama moja ya tano ya Ukraine na sehemu ya hiyo walikuwa nayo tangu 2014.

Jambo la kutizama ni Warusi walivobadilika wakati vita vinakwenda kombo. Agosti 2022 kwa Levada wanaotaka mazungumzo walikuwa 44, Oktoba wakawa 57. Kilichopita hapo katikati si huruma kwa Waukraine. Septemba 21 Putin alitangaza kuita watu laki tatu jeshini, vita vikagonga mlango wa kila nyumba, watu wakaanza kukimbilia Georgia na Kazakhstan. Serikali ikajifunza, badala ya kuwashika watu kwa nguvu ikamwaga pesa. Mwaka 2024 ukisaini mkataba wa jeshi unapewa na serikali kuu rubo, pesa ya Kirusi, laki nne papo hapo, na ukisainia Moscow mji unakuongeza milioni moja na laki tisa juu yake. Anokwenda ni maskini wa mkoani, tena kwa saini yake mwenyewe, na jirani yake wa mjini anaendelea na maisha. Ukimuuliza huyo jirani unataka mazungumzo, atakwambia ndio, nani asotaka? Lakini Levada hao hao huuliza na suali jengine, kama Putin akisimamisha vita wiki hii utamuunga mkono, wanakubali kama asilimia 70. Halafu wanaongeza, na kama kusimamisha ni pamoja na kurudisha ardhi ya Ukraine? Hapo inabaki kama theluthi moja tu. Yaani ile 66 ya Urusi wengi wao maana yake ni "tuzungumze, na tulichochukua kibaki chetu".

Mtu atanambia Warusi wanaogopa, huwezi kuamini jibu lao. Kweli, toka Machi 2022 kuna sheria unaweza kupata hadi miaka 15 kwa habari wanazoziita za uongo juu ya jeshi, na Alexei Gorinov, diwani wa Moscow, alihukumiwa miaka 7 kwa maneno aloyasema kwenye kikao cha baraza lao. Wapo watafiti walojaribu kukwepa woga huo, wanampa mtu orodha ya mambo kadhaa wanamuuliza unaunga mkono mangapi, bila ya kutaja yepi, halafu wanalinganisha na kundi jengine ambalo vita havimo kwenye orodha yao. Uungaji mkono ukashuka kutoka 68 hadi 53. Woga upo basi. Lakini 53 bado ni zaidi ya nusu, na hilo ndo linonifanya nisiwe mwepesi wa kusema ati ni Putin peke yake.

Sasa twende Ukraine. Mwaka 2022 Gallup walikuta asilimia 73 wanataka kupigana mpaka washinde, 2025 imeshuka mpaka 24. Wamechoka kweli, asokubali hilo anajidanganya. Na kuhusu ardhi pia wameregea, KIIS, taasisi ya kura za maoni ya Kyiv, Mei 2022 walikuta 82 hawataki kuachia hata shubiri na 10 tu wako tayari, mwisho wa 2024 wanaokataa wamebaki 51 na walio tayari wamefika 38. Tizama lile pengo lilivojifunga. Lakini katikati ya 2025, KIIS hao hao wakawasomea watu mpango wa amani kama Urusi inavoutaka, asilimia 82 wakakataa katakata, 10 wakakubali.

Mwaka mmoja, nchi moja. 69 wanataka mazungumzo na 82 hawautaki mpango wa Urusi, na mtu mmoja anaweza kuwa kwenye hesabu zote mbili bila ya kujipinga hata kidogo. Anachosema ni kuwa nimechoka, nataka wasimame, niko tayari hata kuimeza hasara, lakini si kuvuliwa nguo nikaachwa nisubiri uvamizi wa pili. Ukiifowadi ile 69 ukaiacha 82, umemtilia maneno mdomoni.

Na khofu ya kuvamiwa tena hawakuiota. Mwaka 1994 kule Budapest walisaini kuachia silaha zote za nyuklia walizorithi Usovieti, na Urusi ikasaini kuwa itaiheshimu mipaka yao. 2014 Crimea ikachukuliwa. Wakasaini mikataba ya Minsk ya kusimamisha vita mara mbili, 2014 na 2015, mwisho wake 2022 mnaujua. Machi 2022 walikaa Istanbul wakazungumzia kutojiunga NATO, na Warusi walipotoka vitongoji vya Kyiv ikaonekana Bucha, maiti za raia njiani. Kuna walosema Uingereza na Marekani ndo walovunja mazungumzo yale, na si kwamba hawakuwa na mkono kabisa, lakini kwenye karatasi zenyewe zilokuja kutoka baadae Urusi ilitaka na yenyewe ikubali kwanza kabla ya wadhamini kuja kuisaidia Ukraine ikivamiwa tena. Mlinzi gani huyo anomuomba ruhusa mwizi?

Sisi Wapemba tungekuwa wa mwanzo kulielewa hili. Muafaka wa kwanza wa CCM na CUF ulisainiwa 1999, haukutekelezwa, Januari 2001 damu ikamwagika na watu wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Muafaka wa pili Oktoba 2001, nao ukatekelezwa nusunusu. Baada ya hapo ukimkuta mzee wa Wete au Micheweni anasema "karatasi zenu sizitaki tena", ulikuwa unamwambia kuwa anaichukia amani? Hata kidogo, anajua nini kilitokea baada ya saini zilopita. Maridhiano yalipokuja, Rais Amani Karume na Maalim Seif wa CUF walikutana Novemba 2009, na Julai 31, 2010 tukapigishwa kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndio. Ni 66 ile ile ya Warusi kwa hesabu, lakini yetu ilikuwa na mzigo ndani yake, suali lilisema wazi serikali ya umoja wa kitaifa, uchaguzi ukisha vyama vinakaa serikali moja. Anokubali anajua anachokubali na anokataa anajua anachokikataa. Ingekuwa tumeulizwa "mnataka watu wapatane?" ingetoka 95 na isingetusaidia kitu.

Kuna na la Kagera. Oktoba 1978 Idi Amin wa Uganda aliingia, akatangaza eneo lile ni Uganda, na Afrika nzima ikaja na usuluhishi, OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, wanataka silaha ziwekwe chini, Gaddafi anatusukuma tukubali huku anampa Amin silaha. Nyerere alikataa, alitaka kwanza mvamizi alaaniwe. Wale wale barazani wanaomuona Zelensky mkaidi ukiwatajia hili wanakaa vizuri kwenye kiti, "sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo", kifua mbele. Sasa tofauti iko wapi?

Tofauti ipo, na nisiifiche. Tanzania ilikuwa na uwezo wa kumtoa Amin na ikamtoa, Kampala ilianguka Aprili 1979. Ukraine haina uwezo wa kuitoa Urusi Crimea na mkoa wa Donetsk kwa bunduki, si leo, na wao wenyewe wanaanza kulikubali hilo, ndo mana ile 38. Hapa wenye hoja ya mazungumzo wananishika pazuri, kila mwezi unaopita bila ya kusimamisha vita ni vijana wanaokwenda kwa ajili ya mstari ambao hautobadilika sana. Sina jibu zuri la hilo zaidi ya kusema kuwa wa kupima bei hiyo ni wao wanaoilipa, na wao wameshatwambia wapi wanafika na wapi hawafiki. Na hao ni wale wanaopigiwa simu. Walio chini ya Urusi hakuna anowauliza.

Mazungumzo yenyewe yanazaa pale yanapokuwa na kitu cha kushika mkononi. Mkataba wa nafaka wa Julai 2022 ulipitisha ngano Bahari Nyeusi kwa mwaka mzima mpaka Urusi ilipojitoa. Mei 2025 wakakutana tena Istanbul, wakatoka na kubadilishana wafungwa elfu moja kwa elfu moja, mama wa mtu kamuona mwanawe. Ujumbe wa Afrika wa Juni 2023, Rais Ramaphosa wa Afrika Kusini pamoja na jirani yetu Rais Azali wa Comoro, ulikwenda na maombi mapana ya amani, makombora yakapigwa Kyiv wenyewe wakiwa mjini, kule St Petersburg Putin akawaonesha karatasi za Istanbul, wakarudi makwao.

Kwa hiyo kama kuna njia mie naiona kwenye kusimama pale pale walipo, bila ya Ukraine kuandika kuwa ardhi imehalalika, na dhamana ambayo mvamizi hana kura ndani yake. Hapo Waukraine wengi wanaweza kufika, namba zao zinaonesha. Kinachogomba ni kuwa Moscow haitaki kusimama pale pale ilipo, inataka ipewe na sehemu ya Donetsk ambayo haijaiweza, Kramatorsk na Sloviansk, miji ambayo jeshi lake linaipigania toka 2022 na bado halijaingia. Anofowadi ile 69 amuulize huyo Muukraine kuhusu miji miwili hiyo, kisha atuletee namba yake.