Gitaa langu halina jini

Jamani, kabla hamjaendelea kunitumia vibonzo vya gitaa lenye jini, nisikilizeni mimi mwenyewe. Mpiga besi wetu kawasimulia nusu, tena na chumvi juu, eti gitaa liliongea lenyewe jukwaani. Gitaa halina jini. Lilichokosa ni nta.

(Na wewe uliyeuliza pikapu inaingiaje kwenye gitaa: nasema zile sumaku zenye koili (waya uliozungushwa) chini ya nyuzi, zinazonasa mtetemo wa nyuzi, si ile ya kubebea mchanga.)

Mnajua gitaa langu ni mahogani, mwili na shingo. Mti huo una sauti nene ya kati tangu kuzaliwa. Mwaka jana, kwa akili zangu, nikalifungia pikapu ya darajani (pale nyuzi zinapoishia mwilini) ya kiloomu 16 (ukinzani wa waya wake), sumaku ya seramiki. Waya mwembamba, mizunguko mingi: nguvu ilikuwepo, ila sauti za juu zote zikazama, kodi (noti zinazopigwa pamoja) zinasikika kama zimefunikwa blanketi. Safari hii nikajifanya mjuzi. Nikaagiza kwa fundi anayesuka kwa mkono: sumaku ya alniko 2, waya wa geji 42 (unene wake), kiloomu 7.4 shingoni na 8.1 darajani, poti (vya kuzungusha volyumu na toni) za kiloomu 500. Mpaka hapo nipigieni makofi, mahogani inaelewana sana na vitu hivyo. Fundi akauliza, "Nizichovye nta?" Nikamjibu, "Usichovye, fundi, nataka zipumue."

Zikapumua.

Ukumbi umejaa, tumemaliza wimbo wa tatu, watu wametulia. Naona pikapu ya darajani imekaa juu mno. Ukibana fureti (kile kichuma cha shingoni) ya mwisho, ilitakiwa kubaki nafasi ya kama milimita 2 hadi kwenye nyuzi. Hii ilikuwa karibu kuzilamba. Nikachuchumaa, gitaa gotini, bisibisi mkononi. Volyumu 10. Distoshani, ile ya kukwaruza sauti, sijazima. Mpiga besi kachuchumaa pembeni ananimulikia na simu. Kiganja kimelala juu ya nyuzi, kwa hiyo kimya. Bisibisi ikagusa kifuniko cha pikapu: KO! kwenye spika. Mwenye busara angeshtuka. Mimi nikainama zaidi, mdomo sentimita chache juu ya kifuniko, na kwa kuwa mpiga ngoma alikuwa anakaza ngoma zake, nikapaza sauti:

"Huyu mwimbaji leo anatafuta noti kama mtu anayetafuta ndala gizani."

"Huyu" la kwanza lilitoka kinywani mwangu. La pili likatoka kwenye spika, nene, lina mikwaruzo, kama mtu kasemea ndani ya pipa. Nililisikia! Naapa nililisikia. Lakini ulimi ulishashika mteremko. Nilipofika "gizani", hata mpiga ngoma alikuwa ameacha kukaza.

Mwimbaji akatazama miguuni pake, akasogelea maikrofoni: "Ninazo zote mbili."

Wadau, koili isiyoshikwa na nta, waya wake unacheza. Kifuniko cha chuma nacho kikitetema, pikapu inageuka maikrofoni, na distoshani inakuza kila kitu.

Nikaomba radhi, shoo ikaisha, kesho yake nikaichovya ile ya darajani: parafini sehemu 4, nta ya nyuki sehemu 1, sufuria ndani ya sufuria ya maji, nyuzijoto 65 (ukizidisha, plastiki ya koili inapinda), kama dakika 15 mpaka mapovu yakakatika. Ile ya shingoni nimeiacha ipumue. Nikitaka kumsema mtu, nashusha volyumu kwanza.