Nauli ya kurudi kwao

Masika ya mwaka juzi, mwanamume mmoja alianza kulala kwenye varanda ya kigango chetu. Alikuwa na miaka 41, begi la mgongoni na viungo vyote kamili. Hilo la viungo nalitaja makusudi, maana ndilo lililomponza. Tulipopiga simu kwenye makao yanayoendeshwa na masista tukaulizwa: Ni yatima? Ni mzee? Ana ulemavu? Hapana, hapana, hapana. Basi kwao hapakuwa na nafasi ya mtu kama yeye.

Simlaumu sista aliyepokea simu. Ndivyo tulivyojipanga wote. Tuna huruma tele kwa mtoto na kwa bibi kizee, lakini mtu mzima mwenye nguvu zake akianguka, tunasema kajitakia. Jumuiya yetu ikafanya kile kinachofanywa siku zote: tukamchangia nauli arudi kwao. Wiki ya tano nikamkuta varandani tena. Kumbe huko kwao shamba lilishauzwa tangu baba yake alipofariki, na nyumba ina watu wengine.

"Dada, kwetu ndiyo hapa sasa," aliniambia, akicheka kidogo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria nyumba moja ya Ufaransa. Mwaka 1949, padri Henri Grouès, ambaye watu walimfahamu zaidi kwa jina la Abbé Pierre, alikuwa mbunge, na alikuwa akiishi kwenye jumba kuukuu huko Neuilly-Plaisance, mashariki mwa Paris. Akaitwa kwa mtu aliyejaribu kujiua. Mtu huyo, Georges, alikuwa ametumikia kifungo cha kazi ngumu Guyana ya Kifaransa, akarudi na kukuta hana pa kushika. Kisa kinavyosimuliwa, padri hakumhubiria wala hakumtolea noti mfukoni. Alimwambia kwamba hana cha kumpa, ila ana watu wa kujengea nyumba na mikono yake peke yake haitoshi. Kwa hiyo kabla hajafa, aje kwanza amsaidie. Georges akaenda, na akabaki.

Hapo ndipo lilipoanzia shirika la Emau, jina lililotoka Luka 24, kwa wale wanafunzi wawili waliokuwa wakitembea wamekata tamaa. Padri alipokosa ubunge mwaka 1951, mshahara ukakatika, na nyumba ikalazimika kuishi kwa kuokota na kuuza vilivyotupwa na wengine: matambara, chupa, vyuma chakavu, makabati mabovu yaliyopigwa msumari upya. Mpaka leo jumuiya za Emau zinaishi hivyo kwa sehemu kubwa. Anayeingia anaitwa mwenzi. Anapata chumba, chakula na posho ndogo, anafanya kazi kwa kadiri ya uwezo wake, na haulizwi anasali wapi. Ya kwanza Uingereza ilifunguliwa karibu na Cambridge mwaka 1991, na huko mtu anakubali kuacha posho ya serikali ya wasio na kazi. Fikiria hilo: mtu aliyekuwa akilala barabarani anaacha hela ya bure ili atengeneze makochi ya mitumba.

Mimi naamini alichokosa yule wa varandani si godoro. Godoro tungempata siku hiyohiyo. Alikosa mtu wa kumwambia, "Kesho usichelewe, tunakutegemea." Sisi tulikuwa tunampa sahani ya wali na kumwangalia akila, na mtu wa miaka 41 akiangaliwa anapokula, hata wali haupiti vizuri kooni.

Najua wapo wenye desturi nyingine. Makazi mengi ya Kikristo, hasa ya zamani kule Marekani, yalimtaka mtu akae kwenye ibada kwanza ndipo apewe supu. Mimi ni Mkristo na hilo silipendi. Mwenye njaa ataitikia amina kwa lolote, halafu sisi tunahesabu amina hizo kama waongofu. Jirani yangu Mwislamu alinikumbusha kwamba Surat At-Tawba, aya ya 60, inamtaja msafiri aliyekwama njiani miongoni mwa wanaostahili zaka. Haimuulizi umri, alisema. Sikuwa na la kujibu.

Wala nisijifanye Emau ni peponi. Mwaka 2023, karibu na Lille, wenzi wasio na hati za ukaazi waligoma wakisema wanafanyishwa kazi kama vibarua huku wakiitwa ndugu. Na mwaka 2024, miaka 17 baada ya Abbé Pierre kufariki, Emau yenyewe ilitoa hadharani ripoti yenye ushuhuda wa wanawake waliosema aliwadhalilisha kingono. Halafu wakajitokeza wengine wengi. Shirika likaondoa jina lake pale lilipokuwa limeandikwa. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu kisa cha Georges nilikuwa nimeshakisimulia kwa watu kadhaa kwa furaha. Bado nakisimulia, lakini sasa nakisimulia pamoja na hili. Nyumba inayopokea watu wasio na pa kwenda ni mahali ambapo mwenye funguo anaweza kufanya atakalo, awe padri, sheikhe au mchungaji. Anayelala humo hana pa kwenda kushitaki. Kwa hiyo anayetaka kufungua nyumba ya namna hii aanze na watu wa nje ya kanisa wanaokagua vitabu vya hesabu na wanaoweza kuingia siku yoyote bila kubisha hodi kwa paroko, na mwenzi awe na haki ya kuondoka na akiba yake mkononi.

Nyuma ya kigango chetu kuna ghala lililokuwa la mahindi. Paa ni zima. Fundi seremala wa jumuiya anasema anapitwa na kazi za kukarabati viti kwa kukosa wasaidizi. Jumamosi iliyopita nilisimama baada ya sala nikayaeleza haya yote. Mwenyekiti akasema ni wazo zuri, litazamwe. Mama mmoja akauliza kama hao watu ni wezi. Mweka hazina, mzee wa maneno machache, akauliza choo kitakuwa wapi.

Nimempenda mweka hazina. Kesho tunakwenda kupima.