Udhamini wa kozi za teknolojia Mtwara na Lindi: pesa iende wapi?

Kampuni zinapodhamini vijana wasome teknolojia mtandaoni, mara nyingi zinachotoa ni akaunti: vocha mia kadhaa za kozi, uzinduzi ukumbini, basi. Wanaousifu mpango huo wana hoja nzito. Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao ya kompyuta, inaendesha Networking Academy, mpango wake wa mafunzo, tangu 1997, na humo mwanafunzi anapata Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao, ambayo bila hiyo chuo kingelazimika kununua ruta na swichi nyingi. Hakuna halmashauri inayoweza kuandaa mtaala wa namna hiyo na kuuhuisha kila mara.

Wanaotahadharisha nao wasipuuzwe. Majukwaa haya huuzwa. edX ilianzishwa na Harvard na MIT mwaka 2012 bila lengo la faida; mwaka 2021 ikauzwa kwa 2U, kampuni ya kibiashara ya elimu mtandaoni, kwa dola milioni 800, na mwaka 2024 2U yenyewe ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Mwaka huohuo Udacity, jukwaa jingine la kozi, ikanunuliwa na Accenture, kampuni ya ushauri wa biashara na teknolojia. Hofu kwamba kijana atafundishwa zana za mfadhili tu ina ukweli nusu: anayejua kugawa anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao) kwenye kifaa cha kampuni moja anajua popote, lakini kozi za huduma za wingu (kompyuta na hifadhi za kukodi kupitia intaneti) zinaweza kuwa kukariri majina ya bidhaa.

Hata hivyo, naona mipango hii inakwama zaidi kwenye bajeti. Video ya saa moja kwa 360p hula takriban MB 300. Saa 40 za video ni GB 12, na hiyo ni picha hafifu. Kijana wa Tandahimba anayesoma kwa bando lake mwenyewe ataachia njiani, hata akiwa na akili kama nini. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu vinafaa kutazamia somo, si kuandikia msimbo wa programu siku nzima. Mei 2024, kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, intaneti iliyumba nchi nzima. Darasa linalotegemea video za kutazamwa mtandaoni halina pa kushika siku kama hiyo.

Dawa yake si ghali: kompyuta ya zamani au Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) yenye Kolibri, programu ya kusomea bila intaneti, diski ya kutosha, ruta ya Wi-Fi na UPS, yaani betri ya akiba umeme ukikatika. Masomo hupakuliwa mara moja, darasa zima likayafungua bila bando. Ila maktaba ya Kolibri ni ya masomo huria. Kozi ya kulipia huwezi kuihamishia humo, hivyo bando la kozi hiyo liandikwe kwenye makubaliano, pamoja na posho ya msimamizi wa darasa.

Muda nao una uzito. Ukifungua darasa Oktoba unashindana na korosho, na korosho itashinda. Februari inafaa zaidi.

Halafu mitihani. Cheti cha CompTIA A+, cha ufundi wa msingi wa kompyuta, kinataka mitihani miwili. Mfadhili akilipia mmoja, kijana habaki na cheti chochote. Vocha ya mtihani ina tarehe ya mwisho, kwa hiyo inunuliwe mwanafunzi akishafaulu jaribio la majaribio, na kwanza iulizwe kituo cha mtihani kiko wapi na nauli ya kufika huko analipa nani. Ripoti kwa mfadhili ihesabu waliofaulu, si waliosajiliwa.