Usaili wa walimu wa msingi: foleni, mtihani, na kile ambacho vyote viwili havikioni

Kwa miaka mingi mwalimu wa shule ya msingi Tanzania aliajiriwa bila kuketi mbele ya msaili. Aliomba kwa mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, waliohitimu mapema wakatangulizwa kama kwenye foleni, kisha majina yakatoka na kila mtu akajua halmashauri yake. Sasa anapita Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kama kada nyingine: anaomba kwenye Ajira Portal, tovuti yake ya kuombea kazi, anafanya mtihani wa mchujo, anaitwa kwenye mahojiano. Usaili mkubwa wa walimu ulianza Januari 2025, na ubishi haujatulia hadi leo.

Wanaoupinga wana hoja nzito. Mwalimu huyu alikwisha kupimwa: alifanya mitihani ya chuo, akaenda mazoezi ya kufundisha, akapewa cheti. Aliyehitimu 2015 hakukaa nyumbani kwa kupenda. Ajira ndizo zilizokuwa chache. Wengi wao wamekuwa wakijitolea, wanashika darasa zima kwa posho inayochangwa na wazazi. Mtihani wa kuandika unampendelea aliyetoka chuoni mwaka jana, ambaye nadharia za ufundishaji bado ziko kichwani, dhidi ya yule ambaye ameshafundisha watoto mia kusoma lakini hakumbuki tena zile nadharia ziliitwaje.

Upande wa pili nao hausemi ovyo. Foleni hupima kusubiri tu. Mtu aliyekaa miaka minane kwenye bodaboda au dukani, bila kugusa chaki, anarudi akute mtaala mpya ulioanza 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Kumpa barua ya ajira kwa sababu ya mwaka aliohitimu ni kumtwisha mtoto gharama ya kosa la watu wazima. Tena foleni huzaa minong'ono: fulani amepataje, mimi nimekosaje? Mtihani una alama, na alama zinaweza kuhojiwa. Anayefaulu akakosa nafasi huingizwa kwenye kanzidata, akaitwa nafasi zikitokea. Kenya wamejaribu njia ya kati: Tume ya Kuajiri Walimu hutoa alama kwa sifa za masomo na pia kwa miaka iliyopita tangu kuhitimu. Nayo inalalamikiwa, safari hii na vijana.

Tukiulizwa sisi, usaili ubaki. Kasoro yake ni kwamba unampima mwalimu akiwa mbali na ubao.

Chukua darasa la kwanza, kipindi cha dakika 30, watoto 80. Mpe msailiwa silabi tano: ma, me, mi, mo, mu. Mwalimu dhaifu ataziandika kwa mpangilio huo, atasoma, watoto wataitika kwa sauti moja, na chumba kitasikika kama kimeelewa. Watoto hao wanaimba, hawasomi. Mwalimu anayejua kazi atanyooshea fimbo mo, kisha mi, kisha arudi ma, na atamwita mtoto wa dawati la nyuma ambaye midomo yake ilikuwa inafuata wenzake. Ataandika herufi zenye ukubwa na kimo kinachoeleweka, hatasimama mbele ya alichokiandika, na akikuta mtoto anachanganya b na d atamwelekeza mkono kwanza kabla ya kumsahihisha daftari. Dakika 15 zinatosha kuyaona haya yote. Karatasi ya maswali haiyaoni hata kidogo.

Pingamizi la kweli ni muda. Jopo moja likitumia dakika 15 kwa mtu, linaona wanne kwa saa, yaani 28 kwa siku ya saa saba. Kwa waombaji wote haiwezekani. Kwa waliovuka mchujo inawezekana: watu 100 katika halmashauri moja ni siku nne, na majopo mawili yanamaliza kwa siku mbili. Lazima ifanyike shule zikiwa zimefunguliwa, maana kufundisha mbele ya wasaili watatu waliojifanya wanafunzi hakupimi kitu.

Halafu kuna wanaoanguka kabla hata ya kuulizwa swali. Cheti cha kidato cha nne kina jina moja, cha kuzaliwa kina jingine, cha chuo kimeongeza herufi. Suala hilo hushughulikiwa kwa hati ya kubadili jina, na halitengenezwi asubuhi ya usaili. Hati za matokeo hazipokelewi badala ya vyeti halisi. Umri nao usizidi miaka 45, na hapa ndipo foleni ndefu inapouma kuliko kote: kuna waliosubiri mpaka mlango ukawafungia.

Hata aliyeajiriwa bado hajathibitishwa. Ana miezi 12 ya matazamio, muda ambao mara nyingi hupita kwa kujaza fomu. Mwalimu mkuu angeutumia vizuri zaidi kama angeingia darasani kwa mwalimu huyo mpya mara moja kila mwezi, akaketi nyuma, akawaita watoto watano mmoja mmoja na kuwaonyesha silabi bila mpangilio. Idadi ya wanaosoma Machi na idadi ya wanaosoma Septemba ndiyo iandikwe kwenye fomu ya kumthibitisha.