Taa Tano Nyekundu Juu ya Shamba la Kensington

Tarehe 3 Septemba 1965, yapata saa nane usiku, kijana wa miaka 18 aitwaye Norman Muscarello alikuwa akirudi kwao Exeter, mji mdogo wa jimbo la New Hampshire nchini Marekani, akitembea kwa miguu kwa kuwa magari ya kuomba lifti yalikuwa haba. Alipofika kwenye mashamba ya Kensington, kando ya Barabara Namba 150, aliona taa tano nyekundu zikimjia kutoka juu ya shamba, akajitupa mtaroni. Baadaye alipata gari lililomfikisha kituo cha polisi, ambako aliingia akitetemeka mwili mzima.

Angekuwa peke yake, huenda habari ingeishia pale mapokezi. Lakini askari Eugene Bertrand, ambaye mapema usiku huohuo alikuwa amemkuta mwanamke mmoja ameegesha gari kando ya njia akilalamika kwamba kitu chenye taa nyekundu kimemfuata, alimrudisha kijana yule shambani. Walikaa garini kwa muda bila kuona lolote. Waliposhuka na kuanza kutembea uwanjani, farasi wakaanza kupiga mateke mabanda yao, mbwa wakalia, na taa zile zikainuka nyuma ya miti, kimya kabisa, zikilimwagia shamba wekundu. Bertrand alipiga goti, akachomoa bastola, kisha akaghairi, akamvuta kijana wakakimbilia garini. Mwenzake David Hunt, aliyefika muda mfupi baadaye, naye aliziona.

Mimi nawaamini wote watatu. Naamini waliona taa, na naamini waliogopa kwelikweli. Ninachosita kukipokea ni makadirio yao ya umbali, na sababu ya kusita kwangu naijua kwa macho yangu mwenyewe.

Nikiwa na miaka 16 nilisafiri na mjomba wangu kwa lori tupu kutoka Dodoma kwenda Singida kuchukua vitunguu. Yapata saa mbili usiku, mbele yetu ilitokea taa moja kali iliyokuwa ikigeuka rangi, mara nyeupe, mara nyekundu. Tukiongeza mwendo nayo inaongeza, tukipunguza inapunguza. Mjomba akasimamisha gari na kuzima taa zote; ile nayo ikasimama, juu kabisa ya mbuyu uliokuwa, kwa hesabu zetu, kama hatua mia moja kutoka tulipokuwa. Utingo akaanza kusoma dua kwa sauti. Tulikaa pale hadi ilipozama nyuma ya kilima, na ni miaka mingi baadaye nilipojua kwamba tulikuwa tukiitazama Zuhura, sayari ambayo hata inapotukaribia mno huwa umbali wa kilomita zipatazo milioni 38. Gizani, jicho lisipokuwa na mti, nyumba wala mtu wa kulinganisha naye, huazima umbali kutoka kwa kitu chochote kilicho jirani, na sisi tuliuazima kwa mbuyu.

Nasimulia haya nikijua kwamba taa za Exeter hazikuwa Zuhura, na hapo ndipo Jeshi la Anga la Marekani lilipojiharibia lenyewe. Maelezo yake ya kwanza yalikuwa kwamba mashahidi waliona nyota na sayari zikimetameta, pamoja na ndege zilizokuwa katika zoezi la kijeshi. Askari wawili waliozoea doria za usiku wakaambiwa, kwa lugha ya heshima, kwamba hawajui nyota. Waliandika barua kulalamika, wakieleza kwamba zoezi hilo lilikuwa limekwisha kabla ya wao kufika shambani, na mwanzoni mwa 1966 jeshi likakiri kwamba halikuweza kukitambua kitu kile. Mradi wa jeshi hilo ulioitwa Blue Book, uliokusanya taarifa za namna hii, ulifungwa mwaka 1969 ukiwa na taarifa 12,618, na kati ya hizo 701 hazikupata maelezo. Kwa maoni yangu, jibu la haraka kama lile la nyota liliwasukuma watu wengi kwenye imani ya visahani vya angani, yaani vyombo vya viumbe kutoka sayari nyingine, kuliko taa zenyewe.

Maelezo yanayonishawishi yalikuja mwaka 2011, kutoka kwa mtafiti Joe Nickell na rubani mstaafu wa Jeshi la Anga, James McGaha. Walikumbusha kwamba mashahidi walisema taa ziliwaka moja baada ya nyingine, ya kwanza hadi ya tano kisha kurudi nyuma, zikiwa zimepangika kwa mwinamo wa nyuzi kama 60. Ndege aina ya KC-97, zilizotumika kuzijazia mafuta ndege nyingine zikiwa angani, zilikuwa na taa tano nyekundu tumboni zilizowaka kwa mpangilio, na bomba la kujazia mafuta lililoshushwa kwa mwinamo wa namna hiyo. Kambi ya jeshi ya Pease nayo haikuwa mbali.

Hata hivyo kuna jambo linaloninyima usingizi kidogo. Bertrand mwenyewe aliwahi kutumikia Jeshi la Anga kwa miaka minne, tena katika shughuli hiyohiyo ya kujaza mafuta, naye aliandika kwamba alichokiona hakikufanana na ndege yoyote. Juu ya hilo, injini za KC-97 zilikuwa na kelele, na mashahidi wote walisisitiza ukimya. Huenda ndege ilikuwa juu zaidi na mbali zaidi kuliko walivyodhani, kama ulivyotudanganya mbuyu wetu. Mimi naegemea huko, ingawa siwezi kumcheka anayekataa.

Yule utingo nilionana naye mwaka juzi, amekuwa mzee mwenye duka lake. Nilipomweleza habari ya Zuhura alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akanimiminia chai, kisha akaniuliza kama nimesahau kwamba matawi ya ule mbuyu yalikuwa yakiwaka.