Simu Inauliza Hedhi Ikishakoma

Kwenye simu ninayofanyia kazi ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii, swali la hedhi lipo sehemu moja tu: kwa mjamzito. Najaza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, programu inahesabu siku 280, inanipa tarehe ya matazamio ya kujifungua. Yaani hedhi ya mwanamke inatuhusu ikishakoma. Miaka yote inayomjia kila mwezi hatumuulizi, naye asipoulizwa hasemi.

Kuna mama nilimtembelea kwa ajili ya chanjo ya mwanawe. Aliinuka mkekani kufuata kadi ya kliniki, akashika ukuta.

"Dada, unaumwa?"

"Hapana, niko kwenye siku zangu tu."

Siku ya ngapi? Akatazama kalenda ya duka iliyotundikwa pale, akahesabu kwa kidole: ya kumi. Mwezi uliopita hivyo hivyo. Kitambaa alikuwa akibadili karibu kila saa, na kanga kajifunga mbili. Viganja vimepauka, ndani ya kope vilevile. Zahanati walipompima, wingi wa damu ulikuwa gramu 7 kwa desilita, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Kwenye simu yangu, kaya ile ilisomeka haina tatizo.

Maswali matatu yangetosha: imeanza lini, imekata lini, anabadili mara ngapi kwa siku. Mzunguko wa mtu mzima ni siku 21 hadi 35. Wa binti aliyevunja ungo karibuni unaweza kufika 45. Damu ikizidi siku 8, programu initume nimpe rufaa. Hata wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu tungewasaidia. Wengi huiacha sindano hiyo pale hedhi inapopotea, wakiamini damu inajikusanya tumboni, kumbe sindano ndivyo inavyofanya kazi.

Kuhesabu siku si jambo geni kwetu. Kiswahili chenyewe kinasema fulani yuko mwezini, na mwari alifundishwa mambo haya na kungwi wake. Ila kungwi alijua kufunga mdomo. Simu je? Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini sheria haikai sebuleni kwangu, ambako simu inachajiwa na kila anayepita anaigusa. Kwa hiyo ukurasa wa hedhi uwe na namba yake ya siri, na mwenye mwili akitaka ufutwe, ufutwe.

Nasema hivi kwa sababu ya binti mmoja wa darasa la saba. Nilimuuliza kuhusu siku zake, akaikodolea macho simu mkononi mwangu.

"Shangazi, baba akiishika hiyo, ataona?"

Niliifunga, nikaiweka mkobani, tukaongea bila kuandika kitu. Swali hilo likiongezwa kwenye programu, nataka niweze kumjibu hapana, na iwe kweli.