Mkasi wa Frenchie: kuchekesha umaskini ni kuusema au kuufunika?

Mwaka 1959 Groucho Marx alitoa kitabu cha maisha yake, Groucho and Me. Mwaka 1961 kaka yake Harpo naye akatoa chake, Harpo Speaks!, akishirikiana na mwandishi Rowland Barber. (Marx hawa ni wachekeshaji wa filamu, si yule mzee wa ukomunisti.) Nyumba inayosimuliwa ni ileile: fleti ya Mtaa wa 93 Mashariki, New York, mwishoni mwa karne ya 19, imejaa ndugu wa familia ya Kiyahudi, baba ametoka Alsace, mama Ujerumani. Na wote wawili wanaisimulia kwa kuchekesha. Ndiyo maana vitabu hivi vinafaa kusomwa sambamba na mtu anayejiuliza kama kichekesho kinausema umaskini au kinaufunika.

Wanaosema kinaufunika wana ushahidi mzuri. Mtazame Harpo na dirisha. Yuko darasa la pili, analirudia, na wavulana wawili wa Kiayalandi wanamrusha nje dirishani kila mwalimu anapotoka. Anarudi ndani, anarushwa tena. Mwishowe anachoka, anakwenda zake nyumbani, na shule ikaishia hapo. Msomaji anacheka kwa sababu tukio linajirudia kama la kwenye jukwaa. Ondoa mrudio huo uone kinachobaki: mtoto wa Kiyahudi, mdogo wa umbo, amenyimwa elimu kwa ubabe. Hicho si kichekesho hata kidogo.

Kuna pia Chico, kaka mkubwa, aliyekuwa akichukua chochote chenye bei mle ndani, hata mkasi wa kazi wa baba yao, na kukipeleka rehani apate pesa ya kamari. Utotoni inachekesha. Lakini kamari ilimfuata mpaka uzeeni, ikamla pesa yote ya filamu. Mzaha ulioanza na mkasi wa baba unalifanya gonjwa la mtu lionekane kama utundu.

Hata hivyo, ni mkasi huohuo unaonifanya niegemee upande wa pili. Baba yao, Sam, aliyeitwa Frenchie, alikuwa fundi wa kushona nguo ambaye hakutumia futi. Mteja alisimama, akatazamwa, basi. Anayejua cherehani anajua hasara inaingia wapi: mshono unafumuliwa, ila kitambaa kilichokatwa kifupi hakirefuki. Suti ikikataliwa, gharama ya kitambaa na siku za kazi vinabaki kwa fundi. Sasa ongeza mkasi kupotea. Duka la rehani hutoa sehemu tu ya thamani ya kitu, hukuandikia tiketi, na ukija kukikomboa unalipa mkopo pamoja na riba. Mkasi ukiwa kule, Frenchie hakati. Asipokata, suti haipo. Bila suti, pesa ya kuukomboa mkasi itoke wapi? Kichekesho kinajirudia kwa sababu mtego wenyewe unajirudia. Maelezo makavu ya mchumi yangesema jambo hilohilo, na wachache wangelikumbuka.

Kipimo ninachokipendekeza ni rahisi: futa mstari wa kuchekesha, kisha tazama kama bado kuna kitu cha kushika. Kwa Harpo kipo mara nyingi. Mtaa wao ulibanwa kati ya Waayalandi na Wajerumani, na mtoto aliyevuka mpaka alisimamishwa na genge la wenyewe akaulizwa anatoka mtaa gani. Anasema alijifunza kutotoka nyumbani mfuko mtupu: mpira wa tenisi uliokufa, kigurudumu cha uzi kilichokwisha, senti moja, chochote cha kujikomboa. Thamani haikuwa hoja. Ilitosha kuonyesha kwamba umetoa. Hiyo ni kodi ya njia, imeelezwa na bei zake. Groucho ni mwepesi zaidi wa kauli, na hapo ndipo anaponipotea. Hukigusa kitu mara moja, akarusha kijembe, akahamia kingine. Ukifuta kijembe, mara nyingi ukurasa umebaki mweupe.

Kuna hoja ya kwamba fundi wa nguo na duka la rehani ni picha zilezile ambazo maadui wa Wayahudi walizitumia kwa karne nyingi. Ni kweli, lakini angalia nani yuko upande gani wa kaunta. Dhana ya chuki humweka Myahudi nyuma yake, akihesabu riba. Akina Marx wako mbele yake, wameshika tiketi. Halafu ni wenyewe wanaojicheka, na kwa watu waliokulia kwenye utani hilo si dogo: neno ambalo mtani analipokea kwa kicheko, likitoka kwa mpita njia ni tusi.

Pa kuwa macho ni kwenye miaka. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba Harpo alizaliwa 1893, ilhali ni 1888, na wadogo na wakubwa zake nao walipunguziwa umri. Hesabu ya "nilikuwa na miaka kadhaa" inayumba kwa miaka 5. Tena simulizi ya Harpo imepita mikononi mwa Barber, kwa hiyo mpangilio wa matukio mle una ufundi wa watu wawili. Kigurudumu cha uzi sina shaka nacho, maana nyumba ya fundi haikosi vigurudumu vitupu.